Barabara Moja, Majina Mawili: Utani wa Massillon na Canton

Barabara itokayo katikati ya Massillon, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani, kuelekea mashariki inaitwa Lincoln Way. Dereva anayeifuata bila kukata kona hupita maduka, vituo vya mafuta na makanisa, kisha vibao vinabadilika. Barabara ni ile ile na lami ni ile ile, lakini sasa inaitwa Tuscarawas, na mbele yake ipo Canton. Kutoka mji hadi mji ni kama kilomita 13. Mtu anaweza kuzaliwa Massillon, akafanya kazi Canton, akaoa huko huko, na uzeeni akarudi kuzikwa kwao, na asionekane kuwa amesafiri.

Kwa wiki moja kila mwaka, majani ya miti yanapopukutika mwishoni mwa Oktoba, kilomita hizo 13 huwa ndefu. Upande wa Massillon kila kitu hugeuka rangi ya chungwa na nyeusi: mabango ya barazani, fulana za wauza duka, bendera za madirishani, vioo vilivyoandikwa kwa rangi amri fupi ya maneno mawili: "Ipigeni McKinley". Upande wa Canton rangi ni nyekundu na nyeusi, na amri ni ile ile iliyopinduliwa. Rangi nyeusi ni ya wote. Ugomvi wote umebebwa na tofauti ya chungwa na nyekundu, rangi mbili ambazo hata kwenye upinde wa mvua zinakaa jirani.

Kinachosubiriwa ni mchezo wa wanafunzi wa sekondari. Vijana wa shule ya Washington ya Massillon, waitwao Tigers, wanakutana na vijana wa shule ya McKinley ya Canton, waitwao Bulldogs, katika mpira wa Kimarekani, ule wa mpira mrefu kama yai, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Kwa desturi huwa ni Jumamosi saa nane mchana, mechi ya mwisho ya ratiba ya kawaida ya msimu. Timu za miji hii zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1894, Massillon ikashinda 16-6. Tangu hapo wamekutana zaidi ya mara 130, na kila mkutano umeacha akiba mpya ya maneno ya kutaniana.

Maneno hayo ndiyo habari yenyewe. Mechi ya sekondari ina robo nne za dakika 12 kila moja. Utani wake unachukua mwaka mzima, na wiki ya mwisho unakuwa kazi ya mji.

Neno ambalo Waswahili wanalo

Kiingereza kina shida ya kulitaja jambo hili kwa neno moja. Wamarekani huliita uhasama, wakati mwingine chuki, halafu hulazimika kueleza kwamba si chuki hasa. Msomaji wa Kiswahili hana shida hiyo. Mtoto wa Dar es Salaam anayejua kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 anajua pia kwamba timu hizo huitwa watani wa jadi, na jina hilo linabeba kila kitu: ukaribu, kelele, vijembe, na haki ya kumcheka mwenzako siku ya msiba wake wa mabao.

Utani ni wa zamani kuliko viwanja vya mpira. Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo, Wangoni, Wahehe na wengine wengi wana watani wao, na mtani ana kazi zake. Anaruhusiwa kukuita majina usiyoitwa na mtu mwingine. Anaweza kuja msibani, akaigiza marehemu, akadai alipwe, na waliofiwa wakacheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala iliyopata umaarufu kuhusu uhusiano wa namna hii, akiueleza kuwa ni urafiki uliochanganyika na ukali, ambamo mmoja ana ruhusa ya kumkosea mwenzake adabu na mwenzake ana wajibu wa kutokasirika. Katika miaka hiyo hiyo R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha.

Kati ya aliyoyaona Moreau na yanayotokea Ohio kila Oktoba pana bahari nzima, lakini kanuni zinafanana kwa namna inayostaajabisha. Kanuni ya kwanza ni kwamba utani hauchezwi na mgeni. Massillon ina wapinzani wengine wazuri kila msimu, baadhi yao wenye nguvu kuliko McKinley, ila hakuna anayepaka vioo vya duka rangi kwa ajili yao. Kanuni ya pili ni kwamba anayerusha kijembe lazima awe tayari kurushiwa. Kanuni ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: lazima pawe na mpaka, na wote waujue bila kuandikiwa.

Silaha za wiki moja

Ghala la vijembe vya Stark, kaunti inayoibeba miji yote miwili, limejaa vitu halisi. Kwanza kuna wanyama. Tigers ni simbamarara, na Massillon haikuridhika na kuchora. Tangu mwaka 1938, bendi ya shule ilipoundwa upya na kiongozi wake George Bird, kiongozi wa gwaride, aitwaye Obie, hutokea amevaa ngozi ya simbamarara. Baadaye, kwa miaka mingi, wapenzi wa timu walileta uwanjani mtoto wa simbamarara aliye hai, ndani ya tundu lake, na kila mwaka mtoto huyo naye aliitwa Obie. Shabiki wa Canton, ambaye alama yake ni mbwa mfupi wa taya pana, ana jibu la kudumu: mbwa wake hafungiwi kwenye tundu.

Pili kuna ukubwa. Canton ina watu kama 70,000, Massillon kama 32,000. Uwanja wa Massillon, uliofunguliwa mwaka 1939 na sasa unaitwa Paul Brown Tiger Stadium, unachukua watu zaidi ya 16,000, yaani nusu ya mji ingeweza kukaa vitini kwa pamoja. Mtu wa Canton hulitaja jambo hilo kama ugonjwa. Mtu wa Massillon hulitaja kama sifa, na huongeza kwamba katika mji wake mtoto wa kiume akizaliwa, klabu ya wapenzi wa timu humpelekea mpira mdogo hospitalini kabla hajajua kumwita mama. Picha za vichanga wakiwa na mipira hiyo zimezunguka Marekani nzima.

Tatu kuna marais. Shule moja imebeba jina la George Washington, nyingine la William McKinley, aliyeishi Canton, akaendesha kampeni yake ya mwaka 1896 akiwa barazani kwake, akauawa mwaka 1901 na kuzikwa katika mnara mkubwa uliozinduliwa mjini humo mwaka 1907. Canton hujivuna kwamba rais wake alikuwa jirani halisi, mwenye nyumba na mtaa. Massillon husema heri rais wa kwanza.

Nne, na hapa ndipo wazee wanapochukua zamu, kuna namba. Mzee anayekunywa kahawa asubuhi ya Jumamosi anaweza asikumbuke alikoweka miwani, lakini anakumbuka mechi ya 100, mwaka 1994, iliyochezwa Massillon na kwisha 42-41 baada ya muda wa nyongeza. Wenyeji walishinda kwa alama moja. Wa Massillon hulitamka tokeo hilo polepole, namba moja baada ya nyingine, akimtazama mwenzake usoni. Wa Canton hujibu kwa mwaka mwingine na tokeo jingine, na kahawa inapoa.

Pesa ilipoingia

Utani huu umewahi kuvunjika, na jinsi ulivyovunjika inaeleza mengi kuhusu unavyodumu.

Kabla shule hazijawa maarufu, mwanzoni mwa karne ya 20, majina Tigers na Bulldogs yalikuwa ya timu za watu wazima waliolipwa. Matajiri wa Massillon na Canton walishindana kununua wachezaji bora wa nchi. Mwaka 1906 zilikutana mara mbili mwezi Novemba. Canton ilishinda ya kwanza, 10-5, na Massillon ikashinda ya pili, 13-6. Fedha nyingi ziliwekwa dau. Baada ya mechi ya pili gazeti la Massillon lilitoa tuhuma kwamba upande wa Canton ulikuwa na njama ya kupanga matokeo. Waliotuhumiwa walikana, na hadi leo tuhuma hazijathibitishwa. Hata hivyo sumu ilikuwa imeshamwagika. Watazamaji walikimbia, madeni yakabaki, na mpira wa kulipwa ukazimika kwa miaka kadhaa katika miji yote miwili.

Hapo mtu anaweza kuona ule mpaka ulipo. Kumwambia jirani kwamba timu yake ni ya mbwa koko ni utani, na jirani atajibu. Kumwambia kwamba ameuza mechi ni shitaka. Shitaka halijibiwi kwa kijembe, linajibiwa mahakamani au kwa kunyamaziana.

Ulipofufuka, mpira wa kulipwa ulirudi na vituko vyake. Mwaka 1915 Canton ilimchukua Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya 1912, kwa dola 250 kwa mechi. Massillon nayo ilikuwa na Knute Rockne, kijana ambaye baadaye angekuwa kocha mashuhuri wa chuo kikuu cha Notre Dame. Massillon ilishinda mkutano wa kwanza 16-0. Wa pili, huko Canton, ulijaa watu hadi wengine wakasimama ndani ya eneo la goli. Canton ilikuwa mbele 6-0, zikiwa zimebaki dakika chache, mchezaji wa Massillon aliposhika mpira, akavuka mstari na kupotea ndani ya umati. Alipotoka hakuwa na mpira.

Alilalamika kwamba polisi ndiye aliyeupiga teke ukamtoka mikononi, akaapa kwamba aliviona vifungo vya shaba vya sare yake. Watu wa Canton walimcheka, kwa sababu polisi wao hawakuwa na sare. Waamuzi walibanwa na pande zote mbili. Walikubali kutoa uamuzi kwa sharti moja: uandikwe, ufungwe kwenye bahasha, na usifunguliwe hadi usiku wa manane hotelini, wao wakiwa wameshatoka mjini salama. Bahasha ilipofunguliwa, Canton ilikuwa imeshinda.

Habari haikuishia hapo. Jack Cusack, meneja wa Canton wa wakati huo, alisimulia baadaye kwamba miaka kama kumi ilipopita alikutana na kondakta wa tramu wa Canton, na yule bwana akakiri kwamba ni yeye aliyeupiga mpira ule, kwa sababu alikuwa ameweka dau la dola 30. Makondakta wa tramu walivaa sare yenye vifungo vya shaba. Yule mchezaji wa Massillon aliona sawasawa.

Kisa kama hicho ni dhahabu kwa watani. Massillon inakipenda kwa sababu kinathibitisha kwamba iliibiwa. Canton inakipenda kwa sababu ilishinda. Kikisimuliwa, kila upande unacheka mahali tofauti.

Kocha, na kijana wa upande wa pili

Katika miaka ya 1920 mpira wa kulipwa ulihamia miji mikubwa. Chama kilichokuja kuwa NFL, ligi kuu ya mpira huo, kilizaliwa Canton, tarehe 17 Septemba 1920, kwenye duka la magari la Ralph Hay, lakini baada ya miaka michache miji midogo haikuweza tena kulipa gharama zake. Kilichobaki nyumbani ni watoto wa shule. Mapenzi yote ya watu wazima yakahamia kwao, pamoja na utani wote.

Ulikuwa wakati mgumu. Miji hii iliishi kwa chuma: Republic Steel, na Timken iliyotengeneza vyuma vya kuzungushia magurudumu. Mdororo wa uchumi ulipofunga milango ya viwanda, wanaume waliokaa bila kazi walikuwa na Jumamosi moja ya kuisubiri. Mwaka 1932 Massillon ilimwajiri kijana aliyekulia hapo hapo, Paul Brown, kuwa kocha wa shule yake ya zamani. Alianza vibaya pale palipohesabika: alipoteza kwa McKinley mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Ni rahisi kukisia alichoambiwa dukani, kanisani na kwa kinyozi. Mwaka 1935 alishinda 6-0, na hakushindwa tena na Canton hadi alipoondoka baada ya msimu wa 1940. Jumla ya miaka yake tisa ilikuwa ushindi 80, kushindwa mara nane na sare mbili.

Katika miaka hiyo ya utawala wa Brown, upande wa pili wa barabara kulikuwa na kijana aliyeitwa Marion Motley. Alizaliwa Georgia mwaka 1920, familia yake ikahamia Canton angali mdogo, katika wimbi la Wamarekani weusi waliokwenda kaskazini kutafuta kazi viwandani. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa mbio. Aliichezea McKinley kwa misimu mitatu, na katika muda wote huo timu yake ilishindwa mechi tatu tu. Zote tatu ilishindwa na Massillon ya Paul Brown.

Mechi tatu hizo zingetosha kuwa kijembe cha maisha. Kila mtu wa Massillon aliyekutana na Motley angeweza kumhesabia kwa vidole. Lakini aliyemwangalia Motley kwa makini kuliko wote Jumamosi hizo tatu ni yule aliyekuwa na kazi ya kutafuta namna ya kumzuia.

Vita ya Pili ya Dunia iliwakutanisha. Brown alifundisha timu ya kituo cha jeshi la wanamaji cha Great Lakes, na Motley, akiwa askari, akacheza chini yake. Mwaka 1946 Brown alipounda timu ya kulipwa mjini Cleveland, ambayo mpaka leo inaitwa Browns kwa jina lake, alimchukua mlinzi mweusi Bill Willis na kisha Motley. Ulikuwa mwaka mmoja kabla Jackie Robinson, naye mweusi, hajaingia ligi kuu ya besiboli. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi yake miaka minne mfululizo, kisha ikahamia NFL mwaka 1950 na kutwaa na huo.

Mwaka huo wa 1946 Motley na Willis walijifunza tofauti ambayo utani wa nyumbani haukuwahi kuwafundisha. Wapinzani waliwakanyaga vidole kwa viatu vya misumari na kuwatupia maneno ambayo hayana jibu. Katika mechi ya Miami, jimbo la Florida, waliachwa nyumbani kwa sababu ya vitisho na sheria za ubaguzi. Hayo hayakuwa madongo ya watani. Mtani anakutaka uwepo, maana bila wewe hana wa kumtania. Waliomtukana Motley walitaka asiwepo.

Hapa ndipo mtu anapaswa kuupima utani wowote wa mpira, uwe wa Ohio au wa Kariakoo. Swali halihusu ukali wa neno. Neno kali sana linaweza kuwa la kheri kati ya watu wanaojuana, na neno laini linaweza kuua. La kuangalia ni kama anayeambiwa ana nafasi ya kujibu, na kama akijibu watacheka wote.

Mataji ya kura

Kwa miaka 40 hivi, jibu kali kuliko yote lilikuwa mikononi mwa Canton. Massillon ilihesabu mataji ya jimbo zaidi ya 20, ila yote yalitoka enzi za zamani, wakati bingwa wa Ohio alipatikana kwa kura za waandishi na mahesabu ya wataalamu. Mwaka 1972 jimbo lilianzisha mtoano, ili bingwa apatikane uwanjani. McKinley ilitwaa ubingwa huo mwaka 1981, 1997 na 1998. Massillon ilifika fainali mara kadhaa, na kila mara ikarudi mikono mitupu: 1980, 1982, 2005, kisha tatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020.

Kwa hiyo shabiki wa Massillon aliyeanza kutamba kuhusu Paul Brown na historia alisimamishwa kwa swali moja: la uwanjani lini? Hakuwa na la kusema. Baba alimrithisha mwana swali lile lisilojibika, kama deni la familia.

Mwishoni mwa Novemba 2023 Massillon ilifika fainali tena, dhidi ya shule ya Hoban ya jirani zao wa Akron. Ilikuwa mechi ya kukabana. Hoban walipata alama mbili tu, zile zinazotolewa mwenye mpira anapoangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe la goli. Massillon walivuka mstari mara moja na kuongeza moja kwa teke. Dakika zikaisha 7-2. Wazee waliosubiri tangu 1972 walishuka ngazi wakilia.

Na uwanja? Fainali za Ohio mwaka huo zilichezwa Canton, kwenye uwanja ambao McKinley ndio wenyeji wake. Massillon ilikwenda kulipa deni lake nyumbani kwa mdai. Hakuna mtunzi wa vijembe ambaye angethubutu kubuni jambo kama hilo, maana asingeaminiwa.

Waliovaa jezi

Katika tambo zote hizi ni rahisi kusahau kwamba walio uwanjani wana umri wa kati ya miaka 15 na 18. Jumatatu wana mtihani wa hesabu. Baadhi yao watacheza vyuo vikuu, wachache mno watalipwa, na walio wengi watavua kofia ngumu ya mchezo jioni ya Jumamosi hiyo na wasiivae tena maishani.

Filamu ya hali halisi iitwayo Go Tigers!, iliyoongozwa na Kenneth A. Carlson, mzaliwa wa Massillon, na kuonyeshwa mwaka 2001, ilifuata msimu wa 1999 na kuonyesha uzito huo bila kuuficha. Mwaka huo mji ulikuwa unapiga kura kuamua kama uongeze kodi kwa ajili ya shule zake, na katika mazungumzo ya watu, mwenendo wa timu na hatima ya shule vilichanganyika. Mabega ya watoto yalikuwa yamebebeshwa mji.

Ndiyo maana utani wa watu wazima una kazi katika wiki ile. Bango linalomcheka mbwa au simbamarara linaishambulia alama, na alama haina mama wala mtihani wa Jumatatu. Wazee wakizozana kuhusu mwaka 1915 wanajibebesha wao wenyewe hasira ambayo ingemwangukia kijana wa miaka 17 aliyeangusha mpira dakika ya mwisho. Vijembe vya kahawani ni mwavuli. Pale vinapoacha alama na historia na kumchagua mtoto mmoja kwa jina, mwavuli umetoboka, na mtu mzima yeyote aliyepo anajua kwamba ni zamu yake kunyamazisha meza. Miji miwili isingefika mikutano zaidi ya 130 bila watu wa namna hiyo kwenye meza zake, ingawa majina yao hayamo kwenye kumbukumbu yoyote ya matokeo.

Mechi huchezwa mwaka mmoja Massillon na mwaka unaofuata Canton. Zamu ya Canton ikifika, magari yenye bendera za rangi ya chungwa hutoka mapema asubuhi na kuifuata Lincoln Way hadi inapokuwa Tuscarawas. Honi hupigwa, na zinajibiwa. Uwanja wanaokwenda umepakana na Jumba la Heshima la Mpira wa Kulipwa, lililofunguliwa mwaka 1963, ambalo ndani yake kuna sanamu za shaba za vichwa vya watu waliotukuka katika mchezo huo. Paul Brown wa Massillon aliingizwa humo mwaka 1967. Mwaka uliofuata akaingizwa Marion Motley wa Canton, aliyeshindwa naye mara tatu. Mashabiki wa timu zote mbili wanapita nje ya jengo hilo saa saba mchana, wamebeba thermosi na mablanketi, wakirushiana maneno kutoka upande mmoja wa maegesho ya magari hadi mwingine, na Obie mwenye ngozi ya simbamarara anatangulia na bendi.